Paa la baraza kwa nyumba ya Lodwar: nichague nini, na lifungwe vipi lising'olewe na upepo?

Mkaazi wa Lanet, Nakuru

Hamjambo nyote. Mimi ninaishi Lanet, hapa Nakuru, lakini mama yangu anaishi Lodwar katika nyumba ya vyumba vitatu ambayo ndugu zangu na mimi tulimjengea baada ya baba kufariki. Kuta ni za matofali ya saruji, paa ni la mabati, na upande wa magharibi kuna baraza la zege lenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 3, ambalo kwa sasa halina kitu juu yake. Tuliielekeza nyumba magharibi kwa sababu njia inapita upande huo, wala hatukulifikiria jua. Matokeo yake tunayaona kila tunapokwenda kumsalimia: kuanzia saa nane mchana zege hilo halikanyagiki bila viatu, ukuta unabaki na joto hadi usiku, na mama huhamisha kiti chake mara tatu kwa siku, kwanza akikifuata kivuli cha nyumba, kisha cha mti wa jirani.

Mwaka jana tulijaribu kuliezeka. Fundi mmoja alisimamisha nguzo za mbao, akapigilia mabati juu yake kwa misumari, na paa hilo halikumaliza miezi mitano. Usiku mmoja upepo uliliinua lote, mbao na mabati kwa pamoja, likaangukia uani karibu na jiko. Tunamshukuru Mungu kwamba hakuna aliyeumia. Nilipokwenda kukagua nilikuta kwamba nguzo zilikuwa zimezikwa kwa kina kisichofika magotini, mchanga umeshindiliwa kuzizunguka bila saruji yoyote, na nguzo moja ilikuwa imeliwa na mchwa ndani kwa ndani hadi ikabaki ganda. Kwa upande wa nyumba, ubao ulioshikilia mabati ulikuwa umepigiliwa kwenye papi (mbao za kubebea mabati) za paa la nyumba lenyewe, kwa hiyo paa la baraza lilipoondoka liliondoka na mabati mawili ya nyumba.

Sasa tumechanga fedha nyingine na sitaki tukosee mara ya pili. Ninaomba ushauri wa mambo mawili hasa. Kwanza, tuezeke kwa kitu gani: mabati, karatasi za polikaboneti (plastiki ngumu inayopitisha mwanga), neti ya kivuli, au kitu kingine ambacho watu wa sehemu za joto wamekizoea? Pili, tulifunge vipi ili upepo wa kule usilishinde? Vifaa vingi nitavinunua hapa Nakuru au njiani Kitale na kuvisafirisha kwa lori, kwa hiyo ninahitaji kujua mapema kila kitakachohitajika, maana bolti iliyosahauliwa Nakuru si rahisi kuifuata ukiwa umeshapita Lokichar. Mama ana umri wa miaka 74 na baraza ndiyo sebule yake. Hapo ndipo anapopokea wageni na kuchambua mboga, na hapo ndipo anapopumzika.

Fundi wa Kibuye, Kisumu

Dada, pole kwa hasara hiyo, na hongera kwa kumjali mama. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Kisumu, na nimewahi kupelekwa Lodwar mara mbili kujenga vivuli vya magari, kwa hiyo nitajibu swali lako la pili kabla ya la kwanza, kwa sababu la pili ndilo lililoangusha paa lenu. Bati zuri kuliko yote likifungwa vibaya litaruka, na hata neti ya bei ya chini ikifungwa vizuri itakaa.

Upepo wa Turkana, ambako ndiko Lodwar iliko, si upepo wa kawaida. Sehemu ile iko kati ya nyanda za juu za Ethiopia na nyanda za juu za Kenya, na hewa inayotoka upande wa kusini-mashariki hubanwa katikati kama maji yanayopitishwa kwenye mdomo mwembamba wa mpira, ikaongeza kasi. Si bure kwamba ng'ambo ya Ziwa Turkana, karibu na Loiyangalani, ilijengwa mitambo 365 ya kuzalisha umeme kwa upepo yenye uwezo wa megawati 310. Baraza lenu liko magharibi, kwa hiyo nyumba inaukinga upepo huo usilipige moja kwa moja. Hata hivyo, upepo unaopita juu ya nyumba huacha mvuto nyuma yake, na mvuto huo hulivuta paa la baraza kwenda juu. Tena upepo wa dhoruba, ule unaotangulia mvua, hauchagui upande.

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya nguzo ni kulibeba paa lisianguke chini. Kwa paa jepesi lililo wazi pande tatu, kazi kubwa zaidi ni kulizuia lisipande juu. Tufanye hesabu kidogo. Upepo wa kilomita 108 kwa saa unasukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 55 kwa kila mita mraba. Baraza lenu ni mita mraba 18, kwa hiyo nguvu ya kuliinua inaweza kukaribia tani moja, ilhali mabati yenyewe hayafiki kilo 5 kwa mita mraba. Paa halitajizuia kwa uzito wake. Ni lazima lizuiwe na zege la chini pamoja na ukuta wa nyumba.

Kwa upande wa nje, simamisha nguzo tatu za bomba la mraba la chuma la milimita 75 kwa 75, lenye unene wa milimita 3. Usitumie mbao kule. Mchwa umekwisha kukuonyesha sababu. Kila nguzo ichimbiwe shimo la sentimita 60 kwa 60 kwa kina cha sentimita 60, na ukikuta mchanga mtupu usiogope kuongeza kina. Shimo hilo likijaa zege linakuwa na uzito wa zaidi ya kilo 500, na huo ndio utakaokuwa nanga yenu. Nguzo yenyewe usiizike. Mwagia ndani ya zege bolti nne ndefu zenye ncha zilizopindwa, ziache zichomoze juu, kisha nguzo ichomelewe bamba la chuma miguuni na bamba hilo lifungwe kwa nati juu ya bolti hizo. Kwa njia hiyo mguu wa chuma unabaki sentimita chache juu ya ardhi, mahali unapoweza kuukagua na kuupaka rangi, badala ya kuozea chini ambako hakuna anayeuona.

Kwa mashimo matatu mtahitaji takriban mifuko minne na nusu ya saruji ya kilo 50, ikiwa mtachanganya ndoo moja ya saruji kwa mbili za mchanga na nne za kokoto, kwa hiyo nunueni mitano. Mchanga wa makorongo ya kule ni mwingi lakini mara nyingine una matope. Jaza chupa mchanga hadi sentimita 10, ongeza maji na chumvi kidogo, itikise kwa nguvu, kisha iache itulie kwa saa tatu. Ukiona tabaka la matope juu ya mchanga limezidi milimita 6 hivi, tafuta mchanga mwingine au uoshe huo. Halafu nikusihi jambo moja ambalo mafundi wenye haraka hulipuuza: zege la kule hukauka kabla ya kukomaa. Limwagwe alfajiri, lifunikwe kwa magunia, na magunia hayo yalowekwe maji asubuhi na jioni kwa siku 7 mfululizo. Zege lililokaushwa na jua siku ya kwanza linaonekana gumu, lakini ukilikwaruza kwa msumari linatoka unga, na bolti zilizomo ndani yake hazina mshiko.

Kwa upande wa nyumba, msiguse tena papi za paa. Nyumba ya matofali iliyojengwa vizuri ina mkanda wa zege wenye nondo unaoizunguka juu ya madirisha, ule tunaouita ringi bimu. Huo ndio wa kufungia. Chukueni chuma cha pembe au bomba la mraba lenye urefu wa mita 6, mtoboe ringi bimu kila baada ya sentimita 60, na mfunge kwa bolti za kupanuka za milimita 12. Hizo ni bolti 11. Nunueni 14, maana moja au mbili zitagonga nondo na mtalazimika kutoboa pembeni. Kabla ya kununua chochote, mwambie mtu aliye huko atoboe tundu dogo ili mhakikishe kwamba mkanda huo upo na uko kwenye kimo gani. Kama haupo, usikubali kufungia kwenye tofali lenye uwazi ndani. Ni afadhali kusimamisha nguzo nyingine tatu karibu na ukuta na kuliacha paa lijitegemee lenyewe.

Kuhusu swali la kwanza, mimi ni mtu wa mabati, geji 28 (geji ni kipimo cha unene), yaliyopakwa rangi nyeupe kiwandani, yaliyofungwa kwa skrubu zenye washa ya mpira na si kwa misumari. Msumari hulegea kila bati linapotanuka mchana na kunywea usiku. Lakini nitawaachia wengine walioishi kule waseme habari ya joto.

Mwalimu mstaafu, Kitale

Nimefundisha Lodwar miaka 11, na nyumba niliyopewa ilikuwa na baraza la magharibi kama hilo la mama yako. Ninakubaliana na fundi kwa kila neno alilolisema juu ya upepo, na ningekuomba umlipe fundi wa aina hiyo hata kama bei yake ni ya juu. Ila kuna jambo ambalo watu wa Nakuru na Kisumu hawalioni mpaka waishi kule, nalo ni kwamba paa peke yake halitampa mama kivuli wakati anaokihitaji zaidi.

Lodwar iko takriban digrii 3 kaskazini ya ikweta. Mwishoni mwa mwezi wa tatu na katikati ya mwezi wa tisa, jua hupita karibu kabisa juu ya utosi, kisha hushuka moja kwa moja kuelekea magharibi. Saa sita mchana paa lolote linatosha. Taabu inaanza saa tisa. Tuseme ukingo wa nje wa paa lako uko mita 2.7 kutoka sakafuni. Saa tisa alasiri jua litakuwa limeingia karibu mita 2 ndani ya baraza lako la mita 3. Saa kumi litafika ukutani. Saa kumi na moja, likiwa digrii 25 hivi tu juu ya upeo wa macho, litaupiga ukuta hadi kimo cha mita 1.3, yaani kifua cha mtu aliyesimama, na mtu aliyeketi atakuwa juani mwili mzima huku paa zuri likiwa juu yake. Niliyapima mambo haya kwa chaki kwenye sakafu yangu mwenyewe, alasiri baada ya alasiri, kwa sababu nilikuwa nimegharamia paa na sikuelewa kwa nini bado ninaungua.

Ukiinamisha paa ili upande wa ukutani uwe juu na ukingo wa nje ushuke hadi mita 2.3, unasaidia kidogo: ile alama ya mita 1.3 ukutani inashuka hadi 0.9. Haitoshi. Kinachotakiwa ni kizuizi cha wima kwenye ukingo wa magharibi, kitu kinachoning'inia kutoka ukingo wa paa hadi kama mita 1 kutoka sakafuni, ili mama akikaa karibu na ukuta awe kivulini huku akiona njia na watu wanaopita. Mimi nilining'iniza mikeka ya majani ya mkoma niliyofumiwa na akina mama wa hapo hapo Lodwar. Mkoma umejaa kando ya mto Turkwel, na majani yake hayavunjiki kwa ukavu. Mkeka unapitisha hewa na kuzuia jua, na ukikunjwa na kufungwa kwa kamba asubuhi, baraza linakuwa wazi. Neti ya kivuli ya asilimia 80 inafanya kazi hiyo hiyo. Ila usiweke ukuta wa bati au wa plastiki usiopitisha hewa, maana utakuwa umejenga tanuri, na tena utakuwa umeupa upepo tanga la kusukuma.

Sasa juu ya mabati. Bati tupu linalong'aa hulirudisha jua kwa sehemu, lakini haliachi joto lake kwa urahisi, kwa hiyo hubaki la moto mno, na mtu aliyekaa chini yake hulisikia utosini kama amesimama karibu na jiko la makaa. Rangi nyeupe inarudisha sehemu kubwa ya jua na pia inaachilia joto angani, kwa hiyo fundi amekushauri vema. Ongeza mambo mawili. La kwanza, weka dari chini ya bati, likiwa na nafasi ya sentimita 10 hadi 15 katikati, na uache nafasi hiyo wazi pande zote mbili ili hewa ya moto itoke kwa juu na nyingine iingie kwa chini. Dari lenyewe linaweza kuwa mikeka ile ile ya mkoma. La pili, acha ufa wa kiganja kimoja kati ya ukuta wa nyumba na upande wa juu wa paa la baraza. Watu huuziba kwa kuogopa mvua, lakini Lodwar hupata karibu milimita 200 tu za mvua kwa mwaka, na hewa moto isipokuwa na pa kutokea hujikusanya hapo juu, ikaingia nyumbani kupitia madirisha.

Mikeka ina dosari moja ambayo sina budi kuitaja kwa kuwa tunazungumza juu ya mtu mzima wa miaka 74. Nge hupenda kujificha ndani ya mkeka uliokunjwa. Mkeka ukunjuliwe na mtu mwenye macho mazuri, utikiswe kwa fimbo, na usikunjwe ukagusa sakafu.

Muuza vifaa vya ujenzi, Nakuru

Nitaongeza machache juu ya polikaboneti na neti, kwa kuwa dada ameziuliza na wateja wengi hurudi kwangu wakilalamika kwa makosa ambayo yangeweza kuepukwa.

Polikaboneti inapendeza, na hapa Nakuru, kwenye kimo cha mita 1,850 na asubuhi zenye baridi, ninaiuza kwa moyo mweupe. Kwa Lodwar ninaiona haifai kuwa paa zima. Inapitisha mwanga na joto la jua, na ile ya rangi ya maziwa au ya moshi hupunguza ukali lakini haiuondoi. Ikiwa bado unaitaka kwa kipande kimoja cha mwanga karibu na mlango, kumbuka kwamba upande mmoja tu ndio wenye kinga dhidi ya miale ya jua; upande huo una alama kwenye karatasi ya kufunikia, na lazima utazame juu. Ukiugeuza, karatasi itakuwa ya manjano na kuanza kupasuka mapema. Pili, inatanuka mara tano zaidi ya chuma: karatasi ya mita 3, ikipata joto kwa tofauti ya digrii 40 kati ya alfajiri na alasiri, hurefuka kwa karibu milimita 8. Kwa hiyo tundu litobolewe pana kuliko skrubu, na skrubu isikazwe hadi kuiminya. Wengi waliopasukiwa na karatasi zao walizikaza mno.

Kuhusu neti, asilimia inayoandikwa ni ya mwanga unaozuiwa. Chagua iliyofumwa kwa vitanzi, ambayo ukiikata kwa mkasi haichanuki pembeni, kuliko ile iliyosukwa kwa nyuzi za kupishana. Iwambwe ikaze kwa waya unaopitishwa kwenye pindo, kwa sababu neti iliyolegea hupigapiga usiku kucha na kujikata yenyewe kwenye nguzo. Neti haizuii mvua, lakini kwa kizuizi cha wima cha magharibi ambacho Mwalimu amekieleza, ndiyo ninayoipendekeza mahali pa mikeka ikiwa mama anaishi peke yake na hakuna wa kuikagua kila siku.

Mkaazi wa Lanet, Nakuru

Mwalimu, Fundi, na ndugu yetu wa vifaa, nawashukuru mno. Jana nilimpigia simu mdogo wangu aliyeko Lodwar, akapanda ngazi na kutoboa tundu kama Fundi alivyoagiza. Ringi bimu ipo, na upande wake wa chini uko mita 2.5 kutoka sakafu ya baraza. Alitoboa mahali pawili na kila mara alikuta zege gumu, na mara moja kekee iligonga nondo. Sasa nina maswali mawili madogo. Ikiwa chuma cha ukutani kitakuwa kwenye kimo hicho cha mita 2.5, na ukingo wa nje ni mita 2.3, je, mwinamo huo unatosha maji kutiririka? Na je, vyuma vichomelewe hapa Nakuru na kusafirishwa vikiwa tayari, au vikachomelewe huko?

Fundi wa Kibuye, Kisumu

Tofauti ya sentimita 20 kwa mita 3 inatosha kwa maji, lakini msiifuate kwa sababu ya kichwa cha mtu. Mkiongeza dari la mikeka chini ya bati, na unene wa boriti, upande wa nje utabaki chini ya mita 2.2, na mtu mrefu atakuwa anajigonga nalo. Ringi bimu kwa kawaida ina kimo cha sentimita 20 hivi. Fungeni chuma cha ukutani kwenye sehemu yake ya juu, na papi za kubebea bati ziwekwe juu ya chuma hicho, si chini yake. Kwa njia hiyo mtapata karibu mita 2.75 ukutani na mita 2.4 kwenye ukingo, ambao ni mwinamo wa sentimita 35. Kwa kuwa mvua ya kule ikija huja kwa kishindo na kujaza makorongo kwa muda mfupi, wekeni gata kwenye ukingo wa nje na bomba la kuyapeleka maji kwenye tangi. Milimita 30 za mvua juu ya mita mraba 18 ni zaidi ya lita 500, na hayo si maji ya kuyaacha yachimbue miguu ya nguzo zenu.

Habari ya kuchomelea: kateni kila chuma Nakuru kwa vipimo, chomeleeni mabamba ya miguu na ya vichwa huko huko kwenye karakana yenye umeme wa uhakika, na mtoboe matundu yote, lakini viungo vya mwisho vifungwe kwa bolti mkiwa Lodwar. Fremu iliyochomelewa nzima itapindika njiani, na ukuta wa nyumba hauko sawa kabisa kama mnavyodhani. Bolti zinawapa nafasi ya kurekebisha. Nguzo zipakwe rangi ya kuzuia kutu mara mbili, kisha nyeupe juu yake. Mkinunua mabomba yaliyokwisha kupakwa zinki, mwambie fundi aikwangue zinki mahali pa kuchomelea na afanye kazi nje penye hewa, maana moshi wake unaleta homa na kutetemeka usiku ule ule. Nimeugua mimi mwenyewe. Baadaye pale palipoungua papakwe rangi ya zinki, la sivyo kutu itaanzia hapo hapo.

Mwisho, msisahau kupeleka mchoro wenu kwa ofisi ya mipango ya kaunti kabla ya kuchimba. Ni jambo dogo, lakini ni bora kibali kitangulie lori.

Mwalimu mstaafu, Kitale

Dada, mkianza kazi wakati upepo ni mwingi, kazi ya kupandisha mabati itakuwa ya hatari. Pandisheni mabati kuanzia alfajiri na mkome saa nne asubuhi. Bati lililoachwa juani kwa saa moja haliwezi kushikwa kwa mikono mitupu. Nimeona kijana aliyechubuka viganja kwa kulidaka likiteleza. Wafanyakazi wawe na glavu za ngozi na maji ya kunywa ya kutosha, na mabati ambayo hayajafungwa yalaliwe na mifuko ya mchanga.

Mkaazi wa Lanet, Nakuru

Tumekubaliana nyumbani. Tutaezeka kwa mabati meupe ya geji 28 yenye urefu wa mita 3.3, ili yapite ukingo na kudondoshea maji ndani ya gata. Nguzo tatu za chuma kwenye zege, chuma cha ukutani kwa bolti 14, dari la mikeka ya mkoma litakalofungwa kwa waya ili lisikunjwe wala kushushwa, na kwa upande wa magharibi neti ya asilimia 80 badala ya mikeka, kwa sababu ya nge. Mama aliposikia habari ya neti aliuliza jambo moja tu, kama ataweza kuwaona wapitao njiani, na nilipomweleza kwamba itaishia mita 1 kutoka chini akasema basi tuendelee.

Vyuma vitakatwa wiki ijayo. Mdogo wangu ameshaanza kuchimba shimo la kwanza. Amefika sentimita 50 na bado ni mchanga mkavu unaoporomoka pembeni, kwa hiyo nimemwambia afike sentimita 80, apanue chini kuliko juu, na asubiri saruji kabla ya kuchimba la pili.